Nilivyouacha mto pale Selander nikaenda kuukuta Pugu

Mimi ni wa Kinondoni Hananasifu, pale juu kidogo ya bonde la Msimbazi, na kwa miaka kama mitano kukimbia kwangu kulikuwa ni lami tu. Saa kumi na moja na nusu alfajiri natoka nyumbani, nashika Ali Hassan Mwinyi, navuka daraja la Selander, naingia Barack Obama Drive, napanda Daraja la Tanzanite huku upepo wa bahari unanipiga usoni, natokea upande wa ufukwe wa Coco narudi zangu kwa Oysterbay. Nikifika nyumbani watoto ndo wanaamka, naoga, naenda kazini. Napenda sana ile njia na mpaka leo naikimbia.

Ila kuna mwaka furaha ilipotea kabisa, na mwanzoni sikujua imepotelea wapi. Nilikuwa nimekimbia nusu marathoni kwa saa mbili na dakika kumi na nne, basi nikajiwekea kichwani kwamba mwaka ujao lazima nishuke chini ya saa mbili, na kuanzia hapo kila asubuhi ikawa ni mahesabu. Kilomita ya kwanza dakika ngapi, ya pili ngapi, jana ilikuwa ngapi, yule dada wa kundini kaweka ngapi kwenye programu ya simu. Halafu ikaingia Januari, na mnaojua Dar mnaijua Januari ya hapa, alfajiri yenyewe joto na hewa imejaa unyevu, jasho linatoka lakini halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi, moyo unapiga mbio zaidi kwa spidi ileile au hata ndogo zaidi. Kwa hiyo namba zangu zikawa zinaharibika wakati mimi najitahidi kuliko zamani. Nilikuwa narudi nyumbani nimenuna. Mume wangu akaniuliza siku moja, mama, hivi hayo mazoezi bado unayataka au unayadaiwa? Sikuwa na jibu.

Jumamosi ndo zilikuwa zinaniokoa kidogo kwa sababu Jumamosi tuna joging ya kundi, tunakimbia tunaimba, mmoja anaanzisha wengine tunaitikia, ni ule mchakamchaka wa shule ya msingi kabisa umehamia kwa watu wazima, na ukiimba huwezi kuangalia saa. Sasa kaka mmoja wa hilo kundi, ambaye kwao ni Kisarawe, akanifuata tukiwa tunanyoosha viungo akaniambia, dada, wiki ijayo tusije huku, twende Pugu tukakimbie msituni.

Nikamwambia huko si kuna nyoka.

Akasema nyoka anakusikia kabla hujafika dada yangu, we njoo na maji ya kutosha.

Tukaenda watu watano. Daladala mpaka Gongo la Mboto, pale ukapanda nyingine ya Kisarawe, na kadiri gari inavyopanda vile vilima unaanza kuhisi hewa inabadilika, na ni mwendo mfupi tu kutoka kelele za Gongo la Mboto, aisee sikuamini. Msitu wenyewe ni hifadhi ya mazingira asilia ya Pugu na Kazimzumbwi, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, unalipia kiingilio kwa namba ya malipo kama malipo mengine ya serikali na unapewa mtu wa kuwaongoza. Wetu alikuwa mzee mtu mzima, mwembamba, kavaa buti za mpira. Shikamoo mzee. Marahaba wanangu, mnataka kukimbia, haya, mimi nitawatangulia na baiskeli hadi njia itakapokataa.

Mita mia tano za kwanza nilikimbia kama nakimbia Barack Obama, hatua ndefu, kichwa juu. Mzizi wa kwanza ukanikosakosa, wa pili ukanipata, nikaenda chini na mikono miwili. Mzee akasimama akaniambia kitu ambacho nimekishika mpaka leo, mwanangu, usiangalie mguu wako, mguu unajijua wenyewe, macho yatangulie hatua tatu nne mbele, na hatua zako zifupishe.

Nikafanya hivyo na ndo hapo mambo yalipogeuka. Ukifupisha hatua mguu unatua chini ya mwili wako na sio mbele yako, kwa hiyo ukikanyaga jiwe au mzizi una muda wa kuhama kabla uzito wote haujatua. Mikono unaiachia inafunguka pembeni kama ya mtoto anayejifunza kutembea juu ya ukuta. Udongo wenyewe ni laini, kuna sehemu mchanga, kuna sehemu majani makavu yamelala tabaka kwa tabaka, goti langu la kulia ambalo kwenye lami linaniuma kila nikipita kilomita nane siku ile lilinyamaza kabisa. Na kwa sababu kila hatua ni tofauti na iliyopita, kichwa hakipati nafasi ya kuzurura. Kwenye lami mimi nilikuwa nawaza ada za shule, nawaza ofisi, nawaza saa. Kule nilikuwa nawaza mzizi, jiwe, tawi, mzizi, basi. Tulipofika kwenye kilima kirefu nikajikaza nipande kwa kukimbia, nikaona wenzangu wote wanatembea, mikono juu ya mapaja, taratibu, tena wanapiga stori. Nikauliza tumeshachoka? Kaka akacheka, hapana dada, mlimani ndo hivi, hata mabingwa wa mbio za milimani kwenye mwinuko mkali wanatembea, maana ukikimbia pale unachoma nguvu nyingi kuliko unachopata.

Jamani kuambiwa unaruhusiwa kutembea! Tena ukiwa katikati ya kukimbia!

Nilipokuja kuangalia saa ilikuwa inasema dakika kumi kwa kilomita. Kwenye lami ningelia. Pale nikaona ni namba tu haina cha kulinganishwa nacho, kwa sababu kilomita ya msituni haifanani na kilomita nyingine yoyote, hata hiyohiyo ukirudi kesho baada ya mvua ni njia nyingine. Septemba 2025 Alphonce Simbu alipotuletea dhahabu ya dunia ya marathoni kutoka Tokyo, mimi nilipiga kelele nyumba nzima ikaamka, kilomita 42 zote zile halafu yeye na Mjerumani wanapewa muda uleule wa 2:09:48 na wanatenganishwa na sekunde 0.03. Huo ni uzuri wa barabarani na nauheshimu kwa moyo wote, kule sekunde ina maana yake. Lakini mimi wa kukimbia kwa afya na raha zangu sikuhitaji kuishi kila asubuhi ndani ya hesabu za Simbu.

Sasa kilichonifanya nirudi Pugu mara ya pili na ya tatu ni kitu kingine. Tukiwa tunashuka kwenye bonde moja tukakuta kijito, kidogo hivi, unakiruka bila kuchuchumaa, maji masafi yanapita juu ya mchanga. Mzee akashuka kwenye baiskeli akasema haya sasa wanangu wa mjini, huu ndo Msimbazi wenu.

Nilisimama. Nimezaliwa juu ya ule mto. Ninaoujua mimi ni wa Jangwani, mweusi, unanuka, masika ikikolea unapanda barabarani na magari hayapiti, majirani zetu wa bondeni wamebeba magodoro kichwani sijui mara ngapi. Ninaovuka kila alfajiri Selander ndo huohuo unamwaga baharini. Kumbe vyanzo vyake viko huku kwenye vilima vya Pugu na Kisarawe, unasafiri kama kilomita 35 kupitia huko Vingunguti mpaka unatufikia sisi, na ukiwa huku ni mto wa kunawa uso. Nikanawa. Wenzangu wakaendelea mbele wakaniacha pale dakika kadhaa, hondohondo wanapiga kelele juu, na nikawa naona aibu fulani na furaha fulani kwa pamoja, nimeishi miaka yote hii na sijawahi kujiuliza maji yale yanatoka wapi.

Tangu hapo tunaenda mara mbili kwa mwezi. Tumeshaona mapango yaliyoachwa na uchimbaji wa kaolini, ule udongo mweupe, sasa hivi popo ndo wenyeji. Na njia za huko zina historia yake, Mwalimu Nyerere alifundisha Pugu mpaka mwaka 1955 alipoacha ualimu kwa ajili ya siasa, na wazee wa huko wanasimulia alivyokuwa akitoka Pugu kwa miguu kuja mjini kwenye mambo ya chama cha TANU. Mimi nikichoka kwenye kile kilima cha mwisho huwa namkumbuka.

Kwa anayetaka kujaribu, raba za barabarani zinatosha kiangazi, mvua zikianza soli laini inateleza ile mbaya, mimi zangu zenye meno nilizipata mtumba Karume baada ya kuzunguka asubuhi nzima, na ukichagua acha nafasi ya kidole mbele maana kwenye mteremko vidole vinasukumwa. Soksi ndefu, kwa sababu ya siafu. Ukiona mstari mweusi umekatiza njia usisimame juu yake kushangaa, ruka uendelee. Upupu nao upo, ukikauka ule unga wake unapeperuka, nilijisugua kwenye kichaka nikawashwa mpaka machozi, mama mmoja wa kijijini akanipaka majivu na kunisugua kwa kiganja mpaka nikatulia, Mungu ambariki. Na wanawake wenzangu, tusiende peke yetu, tuende kundi na mwenyeji, na nyumbani waachiwe taarifa tunatoka saa ngapi, sehemu nyingine huko simu haishiki.

Muda wangu wa nusu marathoni bado uko juu ya saa mbili. Nimeshaacha kuuwazia.

Jumamosi hii tunatoka Kinondoni Mkwajuni saa kumi na moja kamili alfajiri kwa Noah ya kaka yetu, mafuta tunachangia, nafasi zimebaki mbili. Mvua imenyesha wiki nzima, jana nilisimama Selander nikaona maji yamegeuka rangi ya udongo, kwa hiyo mje na raba zenye meno na nguo ya kubadilisha.