Karipio la Aliyekuteua

Usiku huu siasa za Arusha zimegoma kunitoka kichwani. Kwa miaka mingi tumetazama mkuu wa mkoa na mbunge wakirushiana maneno mbele yetu. Majina hubadilika, ugomvi unabaki uleule.

Oktoba 2016 Mrisho Gambo, akiwa mkuu wa mkoa, alikwaruzana na mbunge Godbless Lema kwenye uwekaji wa jiwe la msingi la hospitali ya mama na mtoto. Kisa, historia ya kiwanja. Mwaka 2020 Gambo akawa mbunge wa Arusha Mjini. Machi 2024 akateuliwa Paul Makonda kuwa mkuu wa mkoa, na mvutano wake na Gambo ukawa gumzo la mji. Oktoba 2025 Makonda naye akauchukua ubunge. Sisemi nia ya mtu. Nasema kiti cha uteuzi kimegeuka jukwaa, na anayeshambuliwa ni yule tuliyempigia kura.

Februari 2017 Bunge liliazimia kumwita Makonda, wakati huo mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam, pamoja na mkuu wa wilaya ya Arumeru, Alexander Mnyeti, kwa kauli zao dhidi ya wabunge. Walifika mbele ya Kamati ya Haki, Maadili na Madaraka ya Bunge, wakaomba radhi. Kabla mwaka haujaisha, Mnyeti akapandishwa kuwa mkuu wa mkoa wa Manyara. Hilo liliniuma, na bado linaniuma. Mteule humsikiliza zaidi rais aliyemteua, na aliyemteua alikuwa ameshajibu kwa kumpa mkoa.

Mkuu wa mkoa si mtu wa kawaida akishika kipaza sauti. Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997 inampa mamlaka ya kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Akimsema mbunge vibaya huku kamanda wa polisi ameketi nyuma yake, sisi tulio chini ya jukwaa tunaingiwa na woga hata kama hatukutajwa. Na sheria hiyohiyo imewapa mahali pa kubishana: Kamati ya Ushauri ya Mkoa. Mkuu wa mkoa ndiye mwenyekiti, na wabunge huhudhuria. Wavutane humo mpaka jioni kuhusu barabara, masoko na fedha za halmashauri.

Juni 2020 Rais Magufuli aliwaondoa kwa mpigo mkuu wa mkoa wa Arusha, mkuu wa wilaya na mkurugenzi wa jiji, akasema walikuwa hawaelewani. Wengi tulishangilia. Ila karipio lile lilihusu ugomvi wao wenyewe kwa wenyewe, na lilikuja mambo yakiwa yameshaharibika.

Ninachotaka ni rais, yeyote yule, amkanye mteule wake mara ya kwanza tu anapomdhalilisha mbunge, awe wa CCM au wa upinzani. Amkanye hadharani, maana maneno yalitolewa hadharani. Akimwita Ikulu na kumwonya faraghani, mteule atakuwa ameelewa. Lakini sisi tuliosimama juani tukisikia mwakilishi wetu akitukanwa, tutajuaje kwamba kuna mkubwa aliyekerwa?