Likelemba Yetu Ilipopanda Boti

Picha ndiyo iliyotuponza. Kijana mmoja wa Goma, anayejiita mtu wa utalii, alimtumia Trezoria, mtunza pesa wa likelemba yetu, yaani upatu wa akina mama wa Bukavu, picha ya boti nyeupe yenye turubai la bluu juu, viti vya mito na meza ya vinywaji, na nyuma yake mlima wa volkano, Nyiragongo, ukifuka moshi. Chini ameandika: safari ya raha kandokando ya Ziwa Kivu, pwani ya kaskazini, Goma, Nzulo, Tchegera, ghuba ya Kabuno hadi Sake, kulala kisiwani, chakula ndani ya bei. Dola 120 kwa kila mtu. Presida alituzungushia simu kwenye kikao cha likelemba, akavua miwani.

"Kila mwaka tunakula likelemba halafu inaishia kwenye minervali za watoto shuleni. Mwaka huu haimpati mtu. Tunaila wote pamoja, ku mayi."

Hakuna aliyebisha. Ulikuwa mwaka wa 2019, mwezi wa nane, kiangazi kimepamba moto. Mwezi wa nne wa mwaka ule ule boti ilikuwa imezama upande wa Kalehe na watu zaidi ya mia wakapotea, na tangu hapo kila redio ilikuwa inaimba jile, jile, hakuna kusafiri bila jile, lile koti la kuokolea maisha majini. Mume wangu alisema watu wanafia ziwani wakitafuta unga, sisi tunataka kwenda kufia picha. Nilimwachia sombe, majani ya muhogo, la kutosha kwenye friji nikaondoka.

Usiku wa kutoka Bukavu hadi Goma nauruka, boti la mizigo ni lile lile la siku zote, isipokuwa kabini imepanda bei na godoro limebaki la zamani, pamoja na wenyeji wake. Goma bandarini ilikuwa ni wakati wa Ebola: maji ya klorini, halafu mtu anakuelekezea kile kipimo cha joto kwenye paji la uso. Yaya, ambaye ndiye mkubwa wetu na ana yale majoto ya wanawake wa umri wake, alisomeka juu. Wakamweka pembeni kwenye benchi. Presida akasimama mbele ya daktari na kumweleza, kwa sauti ambayo hata wapakuaji wa mizigo waliisikia, kinachotokea kwenye mwili wa mama wa miaka hamsini. Walimpima tena haraka sana, wakamruhusu.

Boti nyeupe haikuwepo. "Iko garaji," akasema kijana, kama mtu anayeeleza hali ya hewa. Tuliyoletewa ilikuwa ya mbao, yenye motere ya farasi arobaini na viti vinne vya plastiki vilivyofungwa kwa kamba kwenye mabenchi. Kivuli kilikuwa mwavuli wa kampuni ya bia, uliochomekwa kwenye ndoo ya mchanga. Jile zilikuwa mbili. Presida alikaa juu ya mfuko wake palepale kwenye mawe, akatangaza kwamba hapandi mpaka ziwe nne. Zikaletwa nyingine mbili, zinanuka samaki kiasi kwamba Trezoria aliivaa yake huku ameziba pua. Halafu zikaja taksi, yaani ushuru: ya bandari, ya "usafi", na ya mtu ambaye hatukujua ni nani ila alikuwa na daftari. Trezoria aliandika zote. Kijana akatukabidhi kwa dereva wa boti, mvulana wa miaka kama ishirini hivi, akatupungia mkono. Yeye mwenyewe hakupanda.

Niseme ukweli, saa za mwanzo zilikuwa nzuri. Ukiwa Goma mjini unakula vumbi tu na mawe meusi, hujui kwamba mji una uso mwingine unaotazama maji. Tulipita chini ya majumba ya Himbi, bustani zinashuka mpaka ziwani, kuta za lava zilizopangwa vizuri. Yaya akasema Bukavu ni nzuri zaidi. Yaya husema hivyo kila anapokwenda. Lakini nikafikiria upande wetu, jinsi nyumba zinavyopandana juu ya mteremko, mvua ikinyesha zinashuka pamoja na udongo, na chupa zote za plastiki tunazotupa zinakwenda kukusanyika pale mto Ruzizi unapotoka ziwani hadi bwawa la umeme linakohoa na umeme unakatika. Sikumjibu Yaya.

Mbele kidogo, kuelekea Sake, ufuko ni mweusi na umekatika-katika kama mkate ulioungua. Dereva alituonyesha mahali ambapo lava ya Nyamulagira, volkano ya pili, iliingia ziwani, ile ya tangu mwaka 1938. Majani yameshaota juu yake na wanawake walikuwa wanaanika nguo. Ghuba ya Kabuno, Sake, samaki wa kuchoma na ndizi: mchana ukapita hivyo. Milima hatukuiona, ukungu wa kiangazi uliifunika yote, na Trezoria akasema tulilipia na volkano, kwa hiyo hiyo nayo iandikwe.

Tchegera ni kisiwa kilichojikunja kama mwezi mchanga, kwa sababu ni ukingo wa kreta ya zamani uliobaki juu ya maji. Ndani ya ule mkunjo maji yametulia kabisa. Na hapo ndipo tulipojifunza maana ya "kulala kisiwani". Kisiwa ni cha hifadhi ya Virunga, kuna mahema mazuri, na walinzi walitueleza kwa heshima zote kwamba majina yetu hayamo kwenye orodha yao. Bei waliyotutajia ya hema moja ilimfanya Presida acheke. Tukampigia kijana: simu imezimwa. Tukabaki ndani ya boti mpaka giza lilipoingia, na hapo, lazima nimpe Mungu haki yake, ukungu ukawa si kitu. Nyiragongo wenyewe hauonekani, lakini wingu juu yake ni jekundu, na kushoto Nyamulagira una wekundu wake, hafifu zaidi. Tulikaa kimya. Hata Yaya hakuitaja Bukavu.

Tukaamua kurudi Goma usiku huo huo. Motere ilikufa kabla hatujapita Bulengo.

Dereva akasema ni buji, plagi ya motere. Akaitoa, akaipuliza, akaifuta kwa fulana, akairudisha. Akavuta kamba mpaka akaanza kuhema. Upepo wa kiangazi ulikuwa unatusukuma taratibu, na kasia lilikuwa moja. Sisi wengine tukapiga maji kwa mfuniko wa sufuria na beseni la kunawia, tunasali na kutukana kwa zamu. Tukakaribia ufuko, pahali penye kibonde kidogo chenye majani laini, pamejikinga upepo. Dereva akafurahi. "Bamama, tulale hapa mpaka asubuhi." Pagne, vitenge vyetu vya kujifunika, zilikuwepo, Yaya alikuwa ameshaanza kukusanya zake.

Ndipo tukaona taa, tatu nne, zinapanda na kushuka juu ya maji, na tukasikia wimbo. Wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo. Mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu inayotokeza mbele na nyuma kama pembe za mdudu, wavu unaning'inia katikati, na wanaume wanapiga kasia kwa kufuata wimbo wa mmoja wao. Presida akapiga ukelele ambao sijui aliutoa wapi.

"Hee! Banani bale?"

"Tuko batu ya Bukavu! Motere imekufa!"

"Munafanya nini ku mayi na usiku, bamama?"

Tukatazamana. "Tunatembea," akasema Trezoria.

Kimya. Halafu mtu wa mtumbwi wa katikati akarudia kwa wenzake, "Eti banatembea," na kicheko kikapita kutoka mtumbwi hadi mtumbwi, cha watu wazima waliochoka ambao wamepata kitu cha kusimulia nyumbani. Mzee wao, amevaa koti la mvua juu ya sweta, hakucheka. Aliuliza tunapeleka wapi boti. Dereva akaonyesha kibonde.

"Hapa batu habalalaka. Kuko mazuku."

Mazuku tumeyasikia sote, kila mtu wa Kivu ana binamu wa jirani aliyepoteza mbuzi. Lakini kusikia ni kusikia. Mzee alishuka na mmoja wa vijana wake, akafunga nyasi kavu kwenye ncha ya upondo, akaziwasha. Kwenye jiwe la juu, alipokuwa amesimama, ziliwaka vizuri na kutoa cheche. Akaushusha upondo polepole kuelekea yale majani laini. Moto ukapungua, ukawa wa bluu kidogo, ukazimika kabla haujagusa chini, moshi wake ukalala juu ya kibonde badala ya kupanda. Akaupandisha, akawasha tena, akashusha tena: ukafa palepale, kwenye kimo kile kile, kama vile kuna maji tusiyoyaona. Kimo hicho kilikuwa kama goti la mtu. Mtu aliyelala yuko chini yake. Halafu kijana wake akamulika kwa taa ya betri, tukaona ndege wadogo wawili kwenye majani, wameanguka upande upande, manyoya hayajaharibika.

Ni hewa ile ile iliyo katika soda, inatoka ardhini kupitia nyufa za lava, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa yetu inajaa mabondeni, hasa usiku kusipokuwa na upepo. Haina rangi, na pua haikuonyi. Yaya alikunja pagne zake moja baada ya nyingine, bila neno.

Hawakuweza kutuvuta saa ile ile, wavu ulikuwa majini na usiku wa giza ni mali kwao: mbalamwezi ikiwaka taa hazina kazi, sambaza hawaji. Basi tukafungwa kwenye miti yao, tukangoja. Kwenye mtumbwi wa katikati kulikuwa na mbabula ndogo, jiko la makaa, imekaa juu ya mchanga. Walituletea sambaza kwenye mfuniko wetu wenyewe, wamekaangwa na chumvi tu, wa moto mpaka unawarusha kutoka kiganja hadi kiganja. Nimekula sambaza maisha yangu yote. Sikuwahi kuwala kabla hawajafika sokoni.

Mzee alituambia hawa samaki hawakuwa wa ziwa hili, waliletwa kutoka Tanganyika wakati wa Wabelgiji, baba yake aliwaona wakiingia kwenye nyavu mara ya kwanza. Mwaka 2002 alikuwa majini, akaona lava ikipita katikati ya mji wa Goma na kuingia ziwani, maji yakichemka ukingoni. Na chini yetu, akasema, kuko moto mwingine ambao haujawaka. Hilo hata wataalamu wanalisema kwa maneno yao: methani kama kilomita za ujazo 60 na ile hewa ya mazuku kama 300, zimelala vilindini. Ng'ambo, Rwanda, upande wa Kibuye, wanaivuta hiyo methani na kupata megawati 26 za umeme. Nikafikiria nyumbani, jiko la makaa kila jioni, watoto wanasomea tochi ya simu, na ziwa lenye gesi yote hiyo linaanzia mwisho wa barabara yetu.

Mei 2021 Nyiragongo ulipolipuka, watu wa Goma wakishuka bandarini Bukavu na magodoro kichwani, nilikwenda kuwatazama kama nitaliona lile koti la mvua. Sikuliona. Tangu vita vya 2025 hata likelemba yenyewe imetawanyika, Trezoria yuko Bujumbura, Yaya hataki kuondoka, na ujumbe tunaotumiana ni wa nani yuko salama.

Alfajiri ya usiku ule wavuvi walituvuta mpaka Kyeshero, Goma, wakiimba, wimbo mwingine, nadhani ulituhusu kwa sababu neno Bukavu lilirudi mara nyingi na kila likirudi walicheka. Presida akatoa pesa. Mzee akaziangalia, akaangalia kifua cha Presida.

"Mama, tupatie ile."

Kati ya wale wanaume wote hakuna aliyekuwa na jile, hata moja. Presida akafungua mikanda, mimi nikafungua yangu, Trezoria akafungua yake kwa furaha kabisa kutokana na ile harufu, na Yaya akafuata. Mzee alichukua na pesa pia, mafuta ya taa hayanunuliwi kwa jile.

Kijana alitupata saa nne asubuhi, simu yake imefufuka. Hakuuliza tulilala wapi. Alihesabu viti, akahesabu jile, akasema zinakosekana nne, kila moja dola 25, jumla 100. Trezoria akafungua daftari kwenye ukurasa wa mbele, pale alipokuwa amebandika picha.

"Zikate kwenye boti nyeupe," akasema. "Ikitoka garaji, utatuletea chenji."