Saa kwanza, sera baadaye: Group Policy kwenye ofisi ya Bukavu

Kompyuta 22, seva moja ya Windows yenye Active Directory (orodha kuu ya watumiaji na kompyuta za ofisi). Kwa Group Policy, yaani sera ambazo kompyuta husoma kutoka kwenye seva, nilitaka mambo matatu: skrini ijifunge baada ya dakika 10 (kwenye sera unaandika sekunde, yaani 600), kila idara ipate printa yake, na watumiaji wa kawaida wasiweke programu. Kuandika sera hizo ni kazi ya asubuhi moja. Kazi kubwa ni kuzifanya zishike, na hapa kwetu adui wa kwanza ni saa.

Umeme ukikatika usiku, kompyuta ambayo betri yake ndogo ya CR2032 imekufa huamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Kerberos, mfumo unaothibitisha utambulisho kwenye mtandao huo, kwa kawaida haikubali tofauti inayozidi dakika 5 kati ya kompyuta na seva, hivyo sera hazisomwi. Nilibadilisha betri zote zilizochoka kabla ya kugusa kitu kingine.

Kuna kosa lililojificha zaidi. Kompyuta zilizotayarishwa kwa majira ya Kinshasa ziko nyuma yetu kwa saa 1. Mtu akiona hivyo, anasogeza saa mbele kwa mkono. Kwenye skrini inaonekana sawa, lakini ndani UTC (saa ya dunia ambayo kompyuta hulinganishia) imekosewa kwa saa nzima! Bukavu haimo kwenye orodha ya majira ya Windows. Chagua Harare, Pretoria, au andika:

tzutil /s "South Africa Standard Time"
w32tm /resync

Fanya hivyo kwa mkono, mashine kwa mashine, maana mashine isiyosoma sera haiwezi kuponywa na sera. Angalia pia DNS (anwani ambako kompyuta huuliza seva iko wapi): iwe anwani ya seva yako peke yake, si ya ruta ya intaneti.

Printa zilinikwamisha kwingine. Kwenye sera ya printa niliondoa Authenticated Users (watumiaji na kompyuta zote zilizothibitishwa) nikaacha kikundi cha idara tu, na hakuna aliyepata printa. Tangu sasisho la MS16-072 la Juni 2016, sera za mtumiaji husomwa kwa akaunti ya kompyuta. Kwenye kichupo cha Delegation cha sera hiyo, ipe Domain Computers (kikundi cha kompyuta zote za ofisi) ruhusa ya Read, yaani kusoma, na tatizo linaisha.

Sera hujisasisha kila dakika 90, pamoja na nyongeza ya hadi dakika 30. Ukiwa na haraka, andika gpupdate /force kuzisasisha papo hapo, kisha gpresult /r kuona zilizoshika. Fungua dirisha la amri kama msimamizi, la sivyo sehemu ya kompyuta haitaonekana.