Malipo ya mahindi Kibaigwa na hali ya tatu

Fikiria programu ya kulipa wakulima kwa simu pale soko la mahindi la Kibaigwa, Dodoma, mzigo unapimwa, hela inaingia kwenye simu, mtu anarudi zake kijijini. Fankisheni ya kulipa (kile kipande cha programu kinachofanya kazi hiyo moja) wengi wanaiandika irudishe ndiyo au hapana basi, au irushe eksepsheni (taarifa ya hitilafu inayokatisha kazi) aliyeiita atajijua, wengine wanarudisha nali, yaani tupu, hakuna kitu, ile ambayo mwanasayansi wa kompyuta Tony Hoare mwenyewe aliyeileta 1965 alikuja kuiita kosa lake la dola bilioni.

Mi siikubali kabisa hiyo, maana malipo ya simu hayana majibu mawili. Kuna imelipwa, kuna imekataliwa (salio la mnunuzi halitoshi, namba imefungwa), halafu kuna ile inayoumiza watu: ombi limeenda, mtandao ukakata, jibu halijarudi. Hapo hela inawezekana ishaingia. Ukiihesabu imefeli ukatuma tena umelipa mara mbili, na mkulima akishaitoa kwa wakala akanunua mbolea, kuirudisha ni kesi.

Ndo maana nazipenda samu taipu, yaani aina ya data inayoorodhesha hali zote zinazowezekana. Unatangaza taipu moja na hali zake: Imelipwa inabeba namba ya muamala, Imekataliwa inabeba sababu, Haijulikani inabeba namba ya ombi. Jibu ni mojawapo tu, na namba ya muamala huishiki mpaka uwe umeangalia kwamba kweli imelipwa. Kwenye lugha ya programu ya Rust ukiandika match (pale unapopanga cha kufanya kwa kila hali) ukasahau Haijulikani, kompaila, ile inayogeuza maandishi kuwa programu, inagoma, programu haijengeki. Haskell, lugha nyingine, inabidi uwashe -Wall (itoe maonyo) na -Werror (kila onyo lihesabiwe kosa) ndo ikubane hivyo, na nawaomba muwashe, hasa mnaogusa hela za watu.

Wanaolalamika kwamba ni maandishi mengi nawaelewa. Ila kwa vitu kama kusoma namba ya simu au kilo za mzani, Result ya kawaida (taipu ya Rust yenye hali mbili tu, Ok ikifaulu na Err ikifeli) inatosha, unaweka ile alama ya ? iliyokuja na Rust 1.13 mwaka 2016, eroo inapanda kwa aliyeita na taipu ya fankisheni bado inasema wazi kwamba hapa panaweza kufeli. Unwrap (kuchukua jibu bila kuangalia kama limefeli) kwenye njia ya malipo hapana, ikikutana na Err inapaniki, yaani programu inakatika, palepale foleni ya watu ikiwa dirishani.

Haijulikani yenyewe inaenda kwenye foleni yake, programu inauliza kwanza ombi namba fulani limefikia wapi, likijibiwa halikupita ndo linatumwa tena, na mpaka hapo mhasibu analiona kwenye skrini yake kama deni ambalo halijafungwa.