Mtungi wa Bibi

Saa saba usiku, watoto wamelala, mi usingizi hauji, nikasema ngoja niandike maana hili jambo limenikaa kifuani tangu Aprili 2024 na sijawahi kulitoa lote.

Tunakaa Kigogo, Dar es Salaam. Sisi tuko huku juu kidogo, mama mdogo alikuwa kule bondeni kabisa karibu na Mto Msimbazi. Mama mdogo ndo wanangu wanavyomwita, si ndugu wa damu, ni jirani ameniuzia chapati miaka sita mpaka undugu ukaja wenyewe. Chumba kimoja, watoto watatu, baba yao dereva wa lori anapeleka mzigo Tunduma, akikwama foleni ya mpakani mnaweza kumaliza wiki mbili hamjamwona.

Siku chache baada ya Idd mvua ikanyesha usiku kucha na maji yakaingia. Nilishuka asubuhi nikamkuta amesimama nje na karai la chapati mkononi, hicho tu, ukuta wa nyuma umelala chini na ndani tope mpaka usawa wa dirisha, godoro limejaa maji hata watu wawili hatukuweza kulinyanyua, yunifomu za shule tulizichomoa moja moja kwenye matope kama mtu anang'oa mihogo. Mwenye nyumba alikuja akaangalia akasema hajengi tena, bonde lote lile lina mradi wa serikali, yeye anasubiri fidia yake. Basi. Sikumlaumu sana, ila mpangaji ndo anabaki njiani.

Wiki hizohizo Waziri Mkuu alisema bungeni kwamba mvua za El Niño zimeshaua watu 155 nchi nzima na walioathirika ni zaidi ya laki mbili. Nilisikiliza taarifa ya habari huku wao wanne wamelala sebuleni kwangu kwenye mkeka, nikajiuliza hawa wangu wamehesabiwa wapi.

Mtoto wa pili wa mama mdogo ana miaka tisa, tunamwita Bibi kwa sababu karithi jina la bibi yake. Ndo huyu nataka kumsema. Zile siku za mwanzo nilimwona anaamka usiku anaenda kwenye jagi la maji, anakunywa, anarudi, anaenda tena. Afu akaanza kukojoa kitandani. Miaka tisa! Nikajisemea ni mshtuko wa mafuriko, mtoto kaona maji yanaingia usiku lazima ataota. Siku moja nikamgombeza, na hilo mpaka leo linaniuma, coz asubuhi ile nilipoanika shuka nilikuta sisimizi wamejipanga palepale penye alama ya mkojo, mstari mzima, na mimi nikawapangusa tu nikaendelea na kazi zangu.

Akapungua. Mama yake akasema ni mawazo. Tukampeleka zahanati moja wakampima malaria, hamna, wakampa dawa ya UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, tukarudi. Hakuna aliyemtoboa kidole kumpima sukari, na kile kipimo ni cha dakika moja tu jamani.

Siku ya tatu alfajiri mama mdogo akaniamsha, "Dada, Bibi haamki vizuri." Alikuwa anapumua kwa nguvu, kwa kina, kama mtu aliyetoka kukimbia, macho yako nusu, na pumzi yake ina harufu ya matunda yaliyoanza kuchacha. Tulipanda bajaji watatu na mtoto katikati, mi nimemshika kichwa, mama yake anasoma dua sauti ya chini, njia nzima mvua.

Hospitali ya pili walikuwa watu kweli. Nesi alimtoboa kidole pale pale mapokezi na kimashine hakikutoa namba, kiliandika HI, maana yake sukari imepita pale kinapoweza kuhesabu. Kisukari. Daktari akatuambia ni kile kinachowapata watoto, mwili umeacha kutengeneza insulini, ile inayoshusha sukari kwenye damu, na damu yake imeshaanza kuwa na asidi. Dripu mkono huu, dripu mkono huu, kila saa wanampima. Nilikaa kwenye benchi nikaingia gugo nikasoma kwamba wa kwanza kuchomwa insulini alikuwa kijana wa miaka 14 kule Toronto, Januari 1922, kabla ya hapo mtoto wa hivi alikuwa anafifia tu mpaka anakwisha. Nikamwangalia Bibi nikalia, mama yake hakulia, alikuwa anahesabu matone.

Sasa hela. Bima hana, msamaha wa matibabu ni wa walio chini ya miaka mitano, yeye ana tisa. Nikatuma meseji kwenye grupu la kikoba chetu saa moja asubuhi, mtoto yuko hospitali hali mbaya, na wallahi kufika saa sita mchana nilikuwa na 412,000 kwenye simu. Hata wale wenye madeni ya kikoba walituma. Watu wa ustawi wa jamii nao wakapunguza sehemu ya bili. Siku ya nne Bibi akaomba chapati.

Siku ya kuruhusiwa nesi akatukalisha kutufundisha. Sindano asubuhi na jioni, atakula nini, akitetemeka na kutoka jasho apewe sukari haraka. Akasema chupa ya insulini ikae kwenye friji ila isigande, ikiganda ndo imekufa hata ikiyeyuka, na ikishafunguliwa mwisho wiki nne. Afu akauliza, "Mama, nyumbani friji lipo?"

Mama mdogo akanyamaza. Mi nikadhani anatafuta jibu la friji, kumbe amekwama kwenye neno nyumbani.

Kurudi nikaandika tena kwenye grupu. Kuna chumba Mburahati, elfu hamsini kwa mwezi, wanataka miezi sita na ya dalali mwezi mmoja, jumla 350,000. Kimya. Wawili wakajibu pole, mmoja akaweka vile vimikono vya dua, mwingine akaniuliza inboksi kwani hawana kwao kijijini? Watu walewale! Mgonjwa tunamchangia kabla hata hatujauliza anaumwa nini, ila aliyekosa chumba tunaanza kumpekua, alikuwa anafanya nini bondeni, mume yuko wapi. Nilikasirika nikaacha simu siku mbili. Na sikuwa na haki ya kukasirika sana maana mimi mwenyewe miaka yote nimekuwa hivyo hivyo.

Siku ya tatu nikarekodi voisi, sikusema kodi. Nilisema, jamani, ile dawa tuliyomnunulia Bibi haina pa kukaa. Friji langu limejaa na likizimika umeme sina la kufanya, na watu saba kwenye vyumba viwili mtoto anadungwa sindano wageni wanapita. Tunatafuta pa kuiweka dawa. Ilichukua siku tano, haikuwa kama ile ya hospitali, ila ilifika 230,000, mama mwenye nyumba wa Mburahati akakubali miezi mitatu baada ya kumwona mtoto, na baba yao naye akatuma ya kwake kutoka Tunduma.

Friji hawana bado. Nesi ndo alitufundisha mtungi wa kupozea dawa, chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga, unaumwagia maji asubuhi na jioni, juu unafunika kitambaa kilicholowa. Siku ya kuhamia hakukuwa na kitanda wala kabati, Bibi aliingia wa kwanza akazunguka chumba kizima akitafuta kona jua lisipofika, akauweka chini taratibu, akaniomba kikombe cha maji.