Pazia hilo msilifunge fundo

Kazi yangu ni kufunga madirishani mapazia ya kuzuia vipande vya vioo wakati wa mlipuko. Ni wavu mwembamba, mrefu kupita dirisha, na anayeuona mara ya kwanza hudhani fundi amekosea kipimo.

Kwenye mlipuko wengi huogopa moto. Mimi naogopa kioo. Tarehe 7 Agosti 1998 jijini Nairobi, watu waliosikia vishindo vya kwanza kwenye ubalozi wa Marekani walikimbilia madirishani kuchungulia, na bomu lenyewe likawakuta hapo hapo. Wengi walipoteza macho. Halifax, Kanada, mwaka 1917 yalikuwa yale yale: watu walisimama madirishani wakitazama meli inavyoungua, kabla haijalipuka.

Wavu wetu una upana wa kama mara mbili ya dirisha. Urefu unaozidi hukunjwa na kulazwa kwenye kisanduku chini ya dirisha, na pindo lake limeshonewa vyuma vizito. Kioo kikipasuka, hewa huusukuma wavu ndani, mikunjo inachomoka, wavu unatuna kama tanga. Hewa inapenya matunduni, vipande vinanaswa. Ukiubana, utachanika. Kioo chenyewe nacho hubandikwa utando wa plastiki ili vipande vishikane.

Kuna uzi mwingine ambao Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, kimeufanyia utafiti kwa kazi hii: uzi mgumu mwembamba umezungushwa kwenye uzi mnene unaovutika. Nilijaribu nyumbani kwa mshipi wa kuvulia samaki na kamba ya mpira. Nilipovuta, mshipi ulinyooka, mpira ukajipinda kuuzunguka, na vyote kwa pamoja vikachukua nafasi pana kuliko mwanzo. Nilirudia mpaka vidole vikauma! Kitambaa cha uzi huo kikivutwa, vitundu vyake hufunguka na kupitisha hewa.

Juzi nilikwenda kukagua ofisi moja, nikakuta nyavu zimefungwa mafundo ili mwanga uingie, na kisanduku kimejaa mafaili. Niliumia sana.

"Samahani kaka, hatukuambiwa ni ya nini," alisema dada aliyekaa karibu na dirisha.

Kweli, hakuna aliyewaambia. Nikamweleza. Tukafungua mafundo pamoja, tukatoa mafaili, tukalaza pindo upya, mkunjo juu ya mkunjo. Tulipomaliza akaniomba nimsaidie kusogeza meza yake mbali na kioo.