Uloto umekubali, ila kinga bado

Jamani ndugu wa Mikindani na nyie wa Mtwara mjini mnaonipigia, ni kweli mtoto wa dada karudi na uloto aliopandikizwa, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, umekubali, ila msije kwa makundi. Nieleze hapa mara moja maana simu zimenichosha.

Alikuwa na sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, akapandikizwa pale hospitali ya Benjamin Mkapa Dodoma, wameanza kuwafanyia watoto wa sikoseli tangu 2023, na aliyemtolea ni dadaake. Sasa zile seli nyeupe za damu zinazorudi mwanzo, neutrofili, zinachukua kama wiki mbili hadi nne na kuna sindano ya G-CSF inazichochea zitoke upesi, ndo hapo watu wakisikia "zimepanda" wanajua mambo yameisha. Bado. Kuna seli T, askari wa kupambana na virusi, hizo sindano haziziharakishi, lazima zipitie kwanza kwenye tezi ya thaimasi hapa nyuma ya mfupa wa kifua, na kemo, zile dawa kali za kabla ya kupandikizwa, inaichakaza hiyo tezi, kwa hiyo ni miezi, wengine mwaka na zaidi. Mtoto ana nafuu, yake bado kubwa, zetu watu wazima zimeshasinyaa. Watafiti wanahangaika namna ya kuiamsha, mfano kwa protini ya intaleukini 7, ila ni utafiti bado, siyo kitu utakachoandikiwa kliniki.

Mama mkubwa juzi kaja na unga wa mlonge kwenye kopo la Blue Band. "Mtilie kwenye uji mwanangu, unapandisha kinga." Nikamwambia mama, huyu anakunywa saiklosporini, dawa inayoibana kinga makusudi, ili seli za dadaake zisiuvamie mwili wake, halafu sisi huku nyumbani tuipandishe? Tena mitishamba inaweza kugombana na hiyo dawa, hata balungi tu kakatazwa. Kanuna, kaondoka na kopo lake. Atanisamehe, namjua.

Mwingine, mwenye kichanga kilichopewa matone ya polio karibuni asubiri kwanza, kile kirusi kwenye matone kiko hai japo kimedhoofishwa. Na mtoto mwenyewe atachanjwa upya karibu zote za utotoni, ya surua mpaka ipite miaka miwili na daktari aridhike.

Mafua, kikohozi, baki kwako. Kufagia uwanja akiwa nje hapana, vumbi lina fangasi. Anayetaka kuleta pweza alete, aive kweli kweli, amkabidhi dada mlangoni.